Ukuta wa Chumba cha Mama

Ukuta ule ulikuwa na joto. Mwashi aliuwekea kiganja saa nne asubuhi, akakiondoa upesi kama aliyemgusa mtu asiyemjua.

"Mzee, humu hamna bomba la maji moto?"

"Hamna. Mhandisi ameshapima. Sema lolote, bwana, ila usiniambie kunahitajika barua nyingine."

Tangu afiwe na mkewe, mzee huyo ndiye aliyembeba mama yake kwenda bafuni. Mama alikuwa hasimami, mwaka wa sita sasa, na kiti chake cha magurudumu hakikupita kwenye ujia. Mgongo wa mwana ulikuwa umeanza kukataa. Ukuta mmoja ukiondoka, mama angepita. Lakini fleti ilikuwa yake kwa mkataba wa miaka tisini na tisa. Kuta zilikuwa za kampuni yenye jengo.

Miezi kumi na moja alikwenda ofisini. Walitaka mchoro. Akaupeleka, wakataka wenye mhuri. Wakataka saini za jirani wa juu na wa chini. Zikapatikana, faili likapotea.

"Subira yavuta heri, mzee wangu," karani alimwambia.

"Yangu imevuta mpaka kamba imekatika."

Ruhusa ilipotoka, ilisema kazi ianze ndani ya siku saba, la sivyo aombe upya. Leo ilikuwa ya saba.

Mwashi aligonga mara tatu, akasikiliza. Ukuta ukajibu mara nne. Harufu ya nywele mbichi ikajaa chumbani.

Ustadhi wa msikiti wa jirani aliitwa. Alisoma, akaweka sikio ukutani.

"Yumo," alinong'ona. "Hakatai kuhama. Anaomba siku tatu atafute pa kwenda. Umewaomba ruhusa watu wote, ndugu yangu, isipokuwa yeye."

"Ruhusa inakwisha leo, ustadhi."

"Kaombe nyingine. Asiye na makazi huingia popote palipo dhaifu."

Mzee alicheka, mara ya kwanza tangu mazishi. "Nimeomba mpaka ulimi umekauka. Leo siombi mtu wala jini."

Mwashi aliweka nyundo chini, akasema ana watoto. Ustadhi alimshika mzee mkono; mzee akautoa. Akaiokota nyundo mwenyewe, akapiga, akapiga tena, na kila tofali lililoanguka lilitoa pumzi, na vumbi likawa zito hata asiione mikono yake, na nyuma ya vumbi akamsikia mama, kitini mwake upande wa pili, akiuliza kwa upole, "Mwanangu, nani huyu anayehema mgongoni kwangu?" naye, kwa hasira za miezi yote ile, hakusimama kumjibu mpaka tofali la mwisho likalala chini.

Vumbi likatua. Njia ilikuwa pana, ya kutosha viti viwili.

Kiti cha mama kilikuwa kitupu. Mama mwenyewe alikuwa anakuja kwa miguu yake, wima, akikanyaga vifusi bila viatu wala kuyumba. Mzee alianza kumshukuru Mungu, machozi yakimtoka. Mwashi alikuwa ameshakimbia. Ustadhi alikuwa amefumba macho, akisoma kwa haraka.

Mama alisimama mbele ya mwanawe, akamtazama kama mgeni anavyomtazama mwenyeji.

"Niliomba siku tatu tu, bwana," alisema. "Sasa nimeshapata nyumba."