Mkono wa Pampu

Kila asubuhi, kabla ya kunywa uji wa mahindi, Yonsil alipangusa vioo vya picha za viongozi zilizotundikwa ukutani, kwa kitambaa cheupe ambacho hakikuruhusiwa kufanya kazi nyingine. Kisha alifunga skafu yake nyekundu, akampitia rafiki yake Kumran, wakajipanga mstari na wenzao na kwenda shuleni wakiimba. Ndivyo watoto wote wa Unsok, mji mdogo katika milima ya Korea ya kaskazini, walivyoianza siku.

Jumamosi kulikuwa na kikao cha kujikosoa. Kila mwanafunzi alisimama akataja kosa lake la wiki, halafu akataja na la mwenzake. Yonsil na Kumran, wenye umri wa miaka kumi na miwili, walikwisha kuipatia dawa shughuli hiyo. Walipatana njiani.

"Wiki hii nikusute kwa lipi?" Kumran aliuliza.

"Sema kola yangu ilikuwa chafu."

"Kola uliichafua wiki iliyopita. Tafuta jingine."

"Basi nilisinzia kwenye somo la historia."

"Hilo sawa. Mimi sema nacheka ovyo. Ila usikunje uso kama juzi, nusura nicheke kweli."

Mwezi huo wa Machi shule iliagiza kila mtoto alete kilo tano za chuma chakavu. Mji ulikuwa umekwisha kufagiliwa, hata msumari haukuonekana. Yonsil alikuwa na kilo mbili tu, na wazazi wa waliopungukiwa walisomwa majina mbele ya mtaa mzima. Mama yake, aliyeuza tofu, jibini la maharage ya soya, sokoni, aliogopa kusomwa jina kuliko alivyoogopa njaa.

Jumanne, akitoka shule, Yonsil alipita kando ya mto, kwenye pampu ya shamba la ushirika. Ilikuwa imelala tangu majira ya baridi yalipoanza, imeota kutu. Alijaribu kuuvuta mkono wa pampu. Ulilegea, ukachomoka. Akajiambia kuwa kitu kilichoota kutu hakina mwenyewe, akauficha ndani ya koti. Kesho yake mwalimu wa darasa lao, Mwalimu Rim, alipima chuma chake, akasema, "Tano na ushei. Vizuri."

Alhamisi vipaza sauti vya mji vilitangaza kuwa adui amehujumu pampu ya ushirika. Mzee Hyon, mlinzi wa pampu, alichukuliwa na watu wawili waliokuja na gari. Mzee huyo alikuwa babu yake Kumran.

Kumran hakuonekana darasani. Hakuna aliyeuliza aliko. Unsok mtu akichukuliwa, jina lake nalo huondoka midomoni mwa watu, na pengine familia yake hupakiwa lorini ikapelekwa kusikojulikana. Yonsil aliketi karibu na kiti kitupu.

Ijumaa mchana balozi wa mtaa, Bi Chae, alipita nyumba kwa nyumba na daftari lake.

"Huyu binti yako akitoka shule hapiti mtoni?" alimuuliza mama.

"Hapana, ndugu. Yeye hufuata barabara kuu."

Bi Chae alimtazama Yonsil kwa muda, akaandika kitu, akaondoka. Mama alifunga mlango taratibu.

"Umefanya nini?"

Yonsil alimnong'oneza sikioni. Mama akaketi sakafuni.

"Tukinyamaza tutapona, mama," Yonsil alisema.

"Tutapona sisi. Na Mzee Hyon?"

Mama alifuta uso, akafunga kipande cha tofu kwa kitambaa, ili wakiulizwa njiani aseme anapeleka mzigo wa mteja. Wakaenda kwa Mwalimu Rim.

Mwalimu alipoanza kusikia habari yenyewe, aliinuka akaongeza sauti ya redio ya ukutani, jirani asiambulie neno. Alisikiliza hadi mwisho.

"Lori la chuma linakuja Jumatatu," alisema. "Mkono bado upo. Kesho kwenye kikao utasimama useme ukweli, na katibu wa vijana auandike. Likishaandikwa kuwa kosa la mtoto aliyekuwa akitafuta chuma cha shule, itakuwa vigumu kuliita hujuma."

"Na wakiliita hujuma?" mama aliuliza.

"Wataniuliza na mimi. Mimi ndiye niliyeupokea."

Kesho yake zamu ya Yonsil ilipofika, alisimama. Alishika ukingo wa dawati.

"Mkono wa pampu niliuchukua mimi. Mzee Hyon hana kosa."

Darasa zima liliinamisha vichwa. Katibu wa vijana aliinua kalamu.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna. Nilipungukiwa kilo tatu."

"Ni mama yako?"

"Hakuna aliyejua."

Mwalimu Rim alisimama, akauweka mkono wa pampu juu ya meza. "Niliupima mwenyewe bila kuuliza umetoka wapi. Kosa langu la wiki ndilo hilo."

Katibu alimtazama mwalimu, akamtazama mtoto, akautazama mkono. Mwishowe kalamu ikashuka, ikaandika mstari baada ya mstari. Katibu akauchukua mkono ule akatoka.

Siku tatu nzima nyumbani kwao hawakula vizuri. Kila gari lililopita lilimfanya mama aache kisu na kusikiliza. Siku ya nne Mzee Hyon alirudi kwa miguu, jicho moja limevimba. Mwalimu alikaripiwa mbele ya walimu wenzake. Mama aliandika barua ya toba, na Yonsil akapewa mwezi mzima wa kubeba mawe ya ukingo wa mto.

Siku ya kwanza ya adhabu, mama alimpeleka kwanza pampuni. Mzee Hyon alikuwa akikaza boliti. Kumran, aliyemshikia kopo la grisi, aligeuka akawapa mgongo. Yonsil aliinama mpaka kichwa kikakaribia magoti.

"Nisamehe, babu."

"Walitaka niwatajie mtu," Mzee alisema. "Sikuwa na wa kumtaja. Siku ya pili nilianza kutafuta jina lolote la kuwapa. Ndipo kikaja hicho ulichokisema."

Akajipangusa grisi vidoleni, akamtazama kwa lile jicho zima.

"Umenisababishia maumivu, sitakuficha. Lakini ulikuja. Shika hili, binti: kosa ni mzigo wa aliyelitenda. Ukilitua chini ukakimbia, halibaki pale. Kuna mtu atatwishwa. Na huyo mtu huwa hana hatia, na huwa hayuko mbali nawe."

Kisha akamwonyesha kwa kidole mahali mawe yalipokuwa yakingoja.