Malalamiko Yaliyotiwa Chumvi

Ndugu zangu, leo nawaletea habari ya nyumba moja ya kata ya Isangilo. Sikilizeni vizuri, maana jambo kama hili linaweza kumfika yeyote kati yetu.

Asubuhi hiyo Serafina, ambaye wengi tunamwita Mama Raphael, alikuwa uani akibangua karanga na mkwe wake Limi. Mvua ya jana yake ilikuwa imetuliza vumbi. Kuku walichakura maganda, na Limi alicheka kwa kuwa mtoto alimpiga teke kila alipoinama. Raphael, mume wake, alikuwa kwenye maduara, yale mashimo ya kuchimbia dhahabu, na alikuwa ameahidi kurudi kumpokea mwanawe wa kwanza.

Mara kicheko kikakatika. Limi alishika ukuta, maji yakamchuruzika miguuni.

Zahanati haikuwa mbali. Muuguzi Elieth alimpima, uso wake ukabadilika.

"Mtoto amekaa vibaya. Huyu ni wa kituo cha afya, Runzewe, sasa hivi."

Kata ilikuwa na guta la wagonjwa, ile pikipiki ya miguu mitatu yenye kitanda na turubai, lililoletwa kwa ajili ya wajawazito. Kibandani halikuwepo. Elieth akampigia diwani, Mheshimiwa Gregory, aliyekaa na funguo.

"Anasema linakuja."

Nusu saa ikapita. Akapiga tena, akajibiwa linakuja. Mara ya tatu simu iliita tu.

Serafina alitoka mbio mpaka kwenye karasha la diwani, pale mawe ya dhahabu yanaposagwa. Akaliona guta. Kitanda kilikuwa kimeng'olewa, limejaa viroba vya mawe, na diwani amesimama kando akielekeza upakuaji.

"Mheshimiwa, mkwe wangu anakufa!"

"Shikamoo, Mama Raphael. Vimebaki viroba sita tu. Dakika kumi."

Serafina alirudi zahanati mbio, na yeye na Elieth wakasimamisha gari la mkaa lililokuwa linapita. Limi alijifungulia humo, juu ya magunia, Elieth amemshika mabega. Limi alipona. Mtoto alikuwa wa kiume, na hakulia.

Msibani diwani alikuwa wa kwanza kufika. Alishika jembe, akachimba, akalia. Serafina alimtazama kwa muda mrefu akitafuta unafiki, asiuone. Akaanza kuchanganyikiwa. Mtu anayelia hivi ndiye yule yule wa kwenye karasha? Au uchungu ulikuwa umemtia yeye mwenyewe kiwi cha macho?

Watu nao hawakumsaidia. Mmoja alimwambia aende polisi, mwingine akasema ni kazi ya Mungu, mwingine akamwonya asimguse mkubwa. Alikwenda kwa mtendaji wa kata, naye akakuna kichwa: "Mimi namwandikia mihtasari, mama. Nitamshtakije?" Kituo cha polisi aliambiwa hilo ni la halmashauri. Halmashauri akaambiwa alete barua. Alirudi nyumbani hajui hata barua hiyo inaanza na neno gani.

Ndipo akaenda kwa mzee Charles, karani mstaafu anayewaandikia watu barua pale Runzewe.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia kwa Kisukuma. "Umeona nini?"

Serafina akamweleza yote. Charles akatikisa kichwa.

"Hii ni nyepesi. Guta kubeba mawe? Wataiweka kabatini. Tuipe uzito." Akaandika kwamba diwani na muuguzi wanauza dawa za zahanati. Akaandika kwamba wamekufa wajawazito watatu.

"Lakini hayo mimi sikuyaona."

"Hujayasikia yakisemwa?"

Alikuwa ameyasikia, kisimani na gulioni. Kwa wiki tatu alikuwa amesikia mengi mno, na sasa hakuweza kutenganisha alichokiona na alichoambiwa. Akatia saini. Msimcheke, ndugu zangu. Mtu aliyefiwa na aliyechoka hushika mkono wowote anaonyooshewa.

Kamati ya maadili ya halmashauri ilikuja. Wakati wa uchunguzi Elieth alisimamishwa kazi, zahanati ikafungwa, akina mama wakawa wanatembea mwendo wa saa tatu na watoto wenye homa. Dawa zilihesabiwa hadi kidonge cha mwisho, hakuna kilichopungua. Kisha Serafina akasimamishwa mbele ya mkutano.

"Hao watatu waliokufa ni akina nani?"

"Sijui."

"Nani alikuambia?"

"Watu."

Mwenyekiti akafunga jalada. "Na hili la guta, nalo uliambiwa na watu?"

"Hapana! Hilo nililiona mimi!"

Lakini watu walikuwa wanacheka. Elieth alipita mbele yake bila salamu.

Nyumbani, Limi hakuinua macho. "Mama, nilidhani unamtetea mwanangu. Sasa wanasema hata yeye ni uongo."

Neno hilo lilimkosesha Serafina chakula siku mbili. Siku ya tatu akaenda kwa Elieth. Hakukaribishwa kiti.

"Damu ya Limi ilitapakaa kwenye nguo zangu," Elieth alisema. "Nawe ukaniita mwizi."

"Ni mzee Charles aliye..."

"Nani alisaini?"

"Mimi. Nilisaini mimi. Nisamehe."

Elieth aliingia ndani, akatoka na karatasi. Alikuwa amenakili kutoka kwenye daftari la rufaa za wagonjwa saa za simu zote tatu alizompigia diwani.

"Sikupi kwa ajili yako. Ni kwa ajili ya yule mtoto."

Barua ya pili Serafina aliiandika kwa mkono wake, mistari tisa. Mwanzoni alikiri kwamba habari za dawa na za vifo vitatu hazikuwa kweli, akamwomba muuguzi radhi. Kisha akaandika alichokiona, siku gani, mahali gani. Kamati ilirudi. Safari hii iliuliza jambo moja tu, na Bujiku, dereva wa guta, akajibu: "Ni kweli. Nilibeba mawe."

Diwani aliinamisha kichwa. "Nilidhani dakika kumi hazina neno."

Alisimamishwa kuhudhuria vikao, na funguo za guta zikahamia zahanati. Lakini Elieth aliomba uhamisho, akaenda Ushetu. Serafina alimsindikiza stendi akiwa amembebea begi. Elieth alilipokea, akasema asante, akapanda gari. Hakuchungulia dirishani.

MAFUNZO

Ndugu zangu, kiongozi akikosa, mshtakini. Msiogope cheo chake, wala msizuiwe na machozi yake: ya Gregory yalikuwa ya kweli, na kosa lake nalo lilikuwa la kweli. Lakini andikeni mlichokiona, basi. Uongo mmoja mnaoutia ili kuipa kweli nguvu ndio utakaoiangusha, tena utamwangukia asiye na hatia. Na kabla ya kutia saini, soma kila mstari ujiulize: hili nililiona mimi? Kama hukuliona, lifute. Isangilo ilipata guta lake, ikampoteza muuguzi aliyepanda gari la mkaa na mgonjwa wake.