Kioo cha Mnara Mpungani

"Umekuja kwetu na khanga mbili, leo unataka kututupia kioo cha kaka yangu? Hayo majini yako kayafugie kwenu!"

Ndivyo Scolastica alivyomwambia wifi yake, Balbina, shambani kule Mofu, mbele ya watu, mkono kiunoni.

"Wifi, kitamponza mtoto."

"Kitamponza, au wewe hupendi tukivuna?"

Balbina akaokota jembe lake, akaondoka. Angejua, asingeondoka.

Kioo chenyewe kipande tu, kinene, kama kiganja. Mume wa Balbina, Fulgensi, alikuwa utingo wa lori la mpunga, enzi zile Mwingereza bado yupo. Kufika pwani akapelekwa kuutazama mnara wa taa wa kale, ule wa kuongozea meli. Chini yake kuna chumba wameweka vitu vya zamani: nanga, kofia za manahodha, na taa ya kwanza, imepasuka. Mzee mlinzi akasema, "Tazameni kwa macho tu. Taa hii ilizimika siku moja, meli ikazama na watu wake. Mpaka leo wanaitafuta." Fulgensi akacheka, akachomoa kipande, akatia mfukoni.

Na sisi watu wa mpunga, tukiona kitu kinameta tunawaza kufukuza ndege tu. Akakitundika kwa kamba kwenye dungu, kile kichanja cha kufukuzia ndege, pale binti yao Justa, miaka saba, alipokuwa akiamia ndege. Kikawa kinameta mara mbili, kinatulia, kinameta mara moja. Ndege wote wakahama. Scolastica, shamba lake limepakana na lile, akapiga vigelegele.

Ila siku moja wingu lilitanda, jua hakuna, na kioo kinameta vilevile. Balbina akasikia harufu ya samaki aliyeoza, si kambale, si perege, samaki asiyemjua. Akaona nyayo zimetoka upande wa mtoni, zimejaa maji. Akachovya kidole, akalamba. Chumvi. Kesho yake nyayo zimesogea. Mumewe yuko safarini na lori, ndipo akamwendea wifi yake, akajibiwa yale.

Siku ya tatu, saa sita mchana, anampelekea mtoto ugali, akasikia maji yanadondoka, to, to, na hakuna mvua, halafu akaona mpunga unalala huku na huku kama unakanyagwa na watu wengi, wala mtu haonekani, unalala ukielekea dunguni, na kule juu Justa amesimama, hapepesi, amekikodolea macho kile kioo, anayumba kama aliye ndani ya mtumbwi.

"Justa, shuka," akanong'ona.

"Mama, polepole. Wanataka niwaoneshe njia."

"Kina nani, mwanangu?"

"Hawa waliolowa."

Balbina akapanda, akakata kamba, akakipondaponda kioo kwa jembe, akavitupa vipande mtoni. Juma halijaisha, mpunga umekauka, umeota weupe wa chumvi. Scolastica akapita nyumba kwa nyumba: "Si niliwaambia? Mchawi yule!"

Wakamwita Mzee Hermenegildi, mganga wa kijiji cha Kisawasawa. Akafukiza, akamshika mtoto kichwa, kisha akafunga mkoba wake taratibu.

"Majini ya mto wetu nayajua kwa majina," akasema. "Hili la chumvi hata halinisikii. Mama, ulivunja chombo tu. Taa imeshahama."

Balbina akamtazama mwanawe machoni. Yakameta mara mbili, yakatulia, yakameta mara moja. Na uani, kwenye vumbi la kiangazi, kulikuwa kumelowa pande zote.

Justa hakufika Krismasi. Alipokata roho walimfumba macho, mwanga ukapenya kope. Wakamzika palepale shambani. Nyayo zinakwenda kaburini, na hakuna hata moja inayorudi.

Wajukuu wa Scolastica wanasema mpaka leo Balbina ndiye aliyemla mtoto. Basi wewe unayekwenda Mofu kesho, wafikishie: aliyekataa kioo kisitolewe ni bibi yao. Halafu waambie wahame shamba lile la kaburi, mwanangu, usisahau. Maana nimesikia wanashangilia, eti msimu huu ndege hawaji.