Kazi Hailali Mkononi

Mkasi ndio uliomrudisha Mama Kola kiwandani jioni ile. Alishafika getini na wifi yake, jua linazama, alipopapasa mkoba na kukuta haumo. Ulikuwa mkasi wake mwenyewe, umefungwa uzi mwekundu mpinini, na kesho ni Ijumaa. Ijumaa ndiyo siku ya barua za kuachishwa kazi. Ukikuta bahasha chini ya kifuniko cha cherehani yako, huruhusiwi kurudi ndani hata kuchukua kandambili.

"Dakika tano tu, dada," mlinzi alimwambia. "Umeme wameshazima."

"Nakusubiri hapa," wifi akasema.

Kiwanda kile kilishona sare, na kila fundi aliitwa kwa sehemu ya nguo anayoshona. Viti kumi na viwili vilipangwa kwenye mstari, kimoja nyuma ya kingine. Wa nyuma akimaliza sehemu yake, humtupia wa mbele nguo begani na kusema, "Pokea." Wa mbele hujibu, "Nimepokea," bila kugeuka, maana ukitoa jicho kwenye sindano utajishona kidole. Kazi hailali mkononi: ndivyo walivyofundishwa siku ya kwanza. Miaka kumi na moja Mama Kola aliitikia hivyo, hadi nyumbani mumewe akimpa kikombe cha chai hujibu "Nimepokea," na watoto wanavunjika mbavu.

Sasa viti saba vya nyuma vilikuwa vitupu. Mara tatu wakubwa walisema upunguzaji huu ni wa mwisho, waliobaki ni familia. Familia gani hiyo inayokula watoto wake? Wiki iliyopita aliondoka Bi Mabega, aliyeketi nyuma yake moja kwa moja, baada ya miaka kumi na tisa. Mama Kola hakumuaga. Aliona haya, na chini ya haya aliona nafuu, na hiyo nafuu ndiyo iliyomnyima usingizi wiki nzima.

Ukumbini giza lilikuwa linaingia. Aliketi kitini pake, akavuta droo. Mkasi ulikuwepo.

Trrr...

Akatulia. Ilimjia harufu ya mafuta ya mashine, na ya kitambaa kilichotoka kwenye pasi. Umeme si umezimwa?

Trrr... trrr...

Nyuma yake.

"Pokea."

Mdomo uliiwahi akili.

"Nimepokea."

Shati likamwangukia begani. Lilikuwa na joto, kama limevuliwa mwilini sasa hivi. Alitaka kugeuka, shingo ikakataa. Ndani ya shati zilikuwapo namba za viti kwa chaki, kama kila fundi aandikavyo akimaliza sehemu yake. Kumi na mbili. Kumi na moja. Kumi... hadi sita, kiti cha Bi Mabega. Wote walioondoka, kwa mfuatano ule ule waliotolewa.

Kola haikuwepo.

Mguu wake ukakanyaga pedeli. Cherehani isiyo na umeme ikazunguka, kola ikakaa sawa, kazi safi kabisa. Kisha mkono wake ukaokota chaki na kuandika tano.

Likabaki neno moja tu la kusema: Pokea.

"Wifi, mbona kimya?" Wifi yake aliingia, akaketi kwenye kiti cha nne, kiti chake cha siku zote, mgongo kwa Mama Kola, akainama kufunga kamba ya kiatu. "Miguu inaniuma leo."

Neno lilimpanda Mama Kola kooni. Alijua, bila kuambiwa na mtu, kwamba akilisema bahasha ya kesho haitakuwa yake. Mumewe hana kazi tangu mwaka jana, na nyumba nzima inamtazama yeye. Lakini wifi huyu aliachwa na mume akiwa na watoto wawili, na Mama Kola ndiye aliyemleta hapa kwa mkono wake.

Aliuma ulimi hadi akaonja damu. Akalisokomeza shati mkobani.

"Wifi," alinong'ona, "ukisikia sauti nyuma yako humu, usiitikie. Niapie."

"Nani ataniita, na nyuma yangu uko wewe?"

"Niapie."

"Haya, naapa. Tutoke, unanitisha."

Asubuhi bahasha ilikuwa yake. Alilia, kisha moyo ukatulia kidogo. Angalau limekomea kwangu, alijiambia. Akalifungia shati sandukuni, chini ya mablanketi.

Alhamisi iliyofuata, jua likizama, usingizi ulimpitia akiwa amekaa mlangoni kwake. Alipozinduka, mguu wake ulikuwa unakanyaga sakafu. Juu, chini. Juu, chini.

Wifi alikuwa amesimama mbele yake, aproni ya kazini bado kiunoni.

"Ulikuja kazini leo?"

"Nije kufanya nini? Niko hapa tangu asubuhi."

Wifi aliketi taratibu, mkoba kaukumbatia kifuani.

"Kiapo nilikikumbuka," alisema. "Lakini iliyosema 'Pokea' ilikuwa sauti yako. Ningeachaje kukuitikia wewe?"

Mama Kola alikwenda sandukuni. Kufuli lilikuwa limefungwa, mablanketi yamekunjwa vile vile. Chini yake hapakuwa na kitu. Akatazama vidole vyake. Vilikuwa vyeupe kwa chaki.

"Wifi," sauti ilimfuata kutoka mlangoni, ya chini, ya mtu aliyekwisha kufikiri njia nzima. "Mbele yangu anakaa yule wa vifungo. Ana mimba ya miezi saba... Nimpe shati?"

Na Mama Kola, aliyeitikia kila kitu kwa miaka kumi na moja, akaanza kufuta chaki vidoleni kwa upindo wa kanga.