Kitone na Madoa Yake Mawili

Hadithi hii ni kweli tupu. Msimulizi wake ni mzee mstaafu, jirani wa fundi cherehani, na ameapa mbele ya mtaa mzima. Amesema ikipatikana chumvi humu, hata punje moja, atavaa gauni la maua na kukatiza mtaani mchana kweupe. Mtu aliyeapa hivyo atadanganyaje? Haya, twende.

Fundi alikuwa na cherehani moja, dirisha moja na mtoto mmoja mchanga. Mtoto alilala ndani ya kapu, juu ya vipande laini vya vitambaa. Cherehani ikinguruma, analala. Ikinyamaza, anaamka. Basi Fundi alishona hata pale ambapo hapakuwa na cha kushona. Jua likipenya pazia jekundu, chumba kizima kilikuwa kama ndani ya tunda.

Mtoto alizaliwa na ngozi safi. Wiki chache baadaye kikatokea kitone chekundu mgongoni. Kikakua. Kikainuka juu ya ngozi, kina vijinundu, mfano wa stroberi, lile tunda dogo lenye mbegu kwa nje. Ndipo majirani wakamwita binti huyo Kitone. Siku moja kundi la nyuki liliingia dirishani, likamzunguka mtoto likidhani limefika bustanini. Kweli tupu! Kumbuka kiapo.

Kila asubuhi Fundi alichukua futi yake ya kupimia nguo, akapima doa la mgongoni. Mumewe, mwoka mikate, alirudi kutoka kazini saa hizo hizo, nyusi nyeupe kwa unga.

"Limeongezeka?" aliuliza mume.

"Tena sana. Juzi lilikuwa kifungo cha shati. Leo ni kifungo cha koti."

"Mama Kitone, mwisho utaniambia ni sahani."

"Usinichekeshe. Mimi nalia."

Doa la pili lilikuwa kwenye kope ya juu ya jicho la kushoto. Hilo lilikuwa dogo kama kichwa cha pini, baadaye kama punje ya mtama. Hakuna aliyelipima. Wifi yake Fundi, dada wa mume, alilisifu.

"Hilo ni urembo," alisema wifi. "Mtoto kaja mjini kashapaka wanja. Shida ni hili la mgongoni. Wewe ulipokuwa mjamzito ulitamani matunda, halafu ukajikuna mgongo. Si ndiyo?"

"Wifi, mimi nilitamani samaki."

"Basi ulijikuna vibaya. Sikiliza. Chukua uzi mgumu, ule wa jinzi. Lifunge hapa kwenye shina, ukaze. Litakauka lenyewe lidondoke. Nitakuja jioni tulifunge wote."

Wifi akaondoka. Fundi akakata uzi, akauweka mezani. Roho yake haikutulia. Aliendelea kushona, mguu juu, mguu chini, na cherehani ikambembeleza yeye badala ya mtoto. Akasinzia.

Akaota anashona kitambaa chekundu kisicho na mwisho. Kitambaa kilimwagika miguuni kama maji, kikajaa chumba. Yeye alikipima na kukipima. Kumbe pindo moja dogo limeponyoka. Limepanda ukuta polepole, likafika dirishani, likaanza kulifunika dirisha. Mwanga ukapungua. Fundi alitaka kusema, "Jamani, dirisha!" lakini mdomo wake ulikuwa umejaa pini.

"Hodi! Fundi, unashona au unakoroma?"

Alikuwa muuguzi wa kliniki ya watoto. Alifuata sare yake iliyokuwa ikipunguzwa kiuno. Fundi alishtuka, akafuta mate, akamtazama mtoto. Kitone naye alikuwa anaamka. Jicho la kulia lilifunguka lote. La kushoto lilifunguka nusu.

"Sista," alisema Fundi, sauti ndogo. "Hebu niangalizie mwanangu."

Muuguzi alinawa mikono, akamvua mtoto kinguo. Akaona uzi mezani.

"Huu uzi ni wa nini?"

"Wa kufunga doa la mgongoni. Lidondoke."

"Toa hapa! Doa hili ni mishipa midogo ya damu iliyojikusanya. Ukilifunga, ukilikata, ukilichoma, litatoka damu na kuoza. Usilipake majivu wala chumvi. Alizaliwa nalo?"

"Hapana. Lilikuja baadaye."

"Ndivyo yalivyo mengi. Hukua haraka miezi ya kwanza. Kisha husimama. Kisha hunywea polepole, miaka kadhaa. Hukulisababisha kwa kutamani wala kwa kujikuna. Hukukosea lolote, dada yangu."

Machozi yakamtoka Fundi. "Kwa hiyo niliache tu?"

"La mgongoni, ndiyo, daktari akishaliona. Mara nyingi hayahitaji dawa. Kata kucha za mtoto asilikwaruze. Likitoka damu, bana kwa kitambaa safi bila kuachia, kama dakika kumi. Damu isipokoma, au pakitokea kidonda, njoo haraka." Muuguzi akamgeuza mtoto. "Linalonitisha ni hili."

Akaelekeza kidole kwenye kope ya jicho la kushoto.

"Hilo? Hilo dogo hivyo?"

"Linazidi kuwa zito, linaivuta kope chini. Jicho la mtoto linajifunza kuona. Likifunikwa halijifunzi, na ubongo unaweza kulizoea giza. Hata doa likiisha baadaye, huenda jicho lisione vizuri tena. Kesho asubuhi mlete hospitali. Mngekuja mapema zaidi, lakini hamjachelewa."

Fundi akaitazama futi iliyoning'inia shingoni mwake. Miaka yote alijua kwamba doa kubwa ndani ya pindo halimsumbui mtu. Doa dogo kwenye kola huharibu gauni zima. Kwa nguo alijua. Kwa mwanawe alisahau, akapima ukubwa tu.

Jioni wifi alikuja na mkasi wake. Fundi alimpokea kwa chai, uzi akauficha.

Kesho yake Fundi, mumewe na mtoto wakaenda hospitali. Daktari wa watoto alimkagua Kitone mwili mzima.

"Naangalia kama kuna mengine," alisema. "Yakifika matano au zaidi tunapima na tumbo. Yakiwa karibu na jicho, pua au mdomo, yakiwa makubwa sana, au yakifanya kidonda, hatungoji. Hili la kope lazima tulitibu. Kuna dawa ya maji, ya kunywa. Ndiyo ile ile tunayowapa wagonjwa wa moyo."

Mwoka mikate akasimama. "Ya moyo? Daktari, mwanangu moyo wake mzima! Nimpe sumu kwa ajili ya doa?"

"Una haki ya kuogopa, baba. Dawa hii inaweza kupunguza mapigo ya moyo na kushusha sukari mwilini. Ndiyo maana tunapima kwanza, na tunaanza naye hapa hapa tukimwangalia. Nyumbani mtampa akiwa ananyonya au ameshiba tu. Akigoma kunyonya, akitapika, au akikoroma kifuani, msimpe. Mpigieni simu muuguzi. Akilegea au akishindwa kuamka vizuri, mleteni mbio. Na msijinunulie dukani."

"Tukisubiri kidogo? Si muuguzi alisema huwa yanaisha?"

"Huwa yanaisha. Lakini sasa ndiyo kwanza linaumuka."

Mwoka mikate akaketi tena. Neno hilo lilimwingia. Alijua donge likishaumuka na kufurika nje ya beseni, huwezi kulirudisha kwa maneno matamu. Akamtazama mkewe.

"Unasemaje, mama Kitone?"

"La mgongoni tuliache. La jichoni tulitibu leo."

"Sawa," alisema mume. "Lakini dawa nitampa mimi mwenyewe. Mimi nimezoea kupima hamira."

Akampa kweli, bila kukosa, baada ya kunyonya, na bomba dogo la kupimia dawa likiwa na alama za unga. Siku zikapita kama usingizi wa mchana. Wekundu ukafifia. Kope ikawa nyepesi. Daktari wa macho alimwangalia mara kwa mara. Asubuhi moja Fundi alizima cherehani, na Kitone akafungua macho mawili sawasawa. Akatazama pazia. Halafu akamtazama mama yake, kwa muda mrefu, kama mtu aliyerudi safari. Ulipofika wakati wa kuacha dawa, daktari ndiye aliyewaambia.

Sasa Kitone yuko shule. Doa la mgongoni limebaki alama hafifu, laini, kama mkunjo wa shuka. Sindano ikianguka chumbani, mama yake haitafuti. Anamwita Kitone.

Na Kitone anajua kusoma. Msimulizi alipomaliza kuandika hadithi hii, alimpa aisome kwa sauti, mbele ya mama, baba na shangazi. Alisoma vizuri mpaka akafika kwenye nyuki.

"Mama, nyuki waliingia?"

"Nyuki gani? Alikuwa inzi mmoja, tena alifuata maziwa."

Msimulizi akajikuna kisogo.

"Aliruka kama kundi," alisema.

"Babu, kiapo ni kiapo!" alisema Kitone.

Shangazi mtu akacheka mpaka akashika ukuta. Fundi alivuta futi shingoni, akaanza kumpima mzee kifua.

Gauni lilikuwa na stroberi kubwa kubwa. Msimulizi alikatiza mtaa nalo mchana kweupe, mikono nyuma, akiwasalimia watu kwa heshima zote. Kitone alimsubiri mwisho wa mtaa.

"Je, limenikaa?" aliuliza mzee.

Kitone akaziba jicho la kulia kwa kiganja. Akamkagua kwa la kushoto, toka kichwani hadi miguuni.

"Limekukaa, babu. Ila una doa la chai. Dogo sana. Hapo, kwenye kola."