Alama za Vema kwenye Kadi ya Baba

Kila asubuhi, kabla hajavaa sare ya shule, msichana mmoja wa darasa la sita alikuwa na kazi ambayo hakuruhusiwa kuisahau. Alimimina maji kwenye kikombe, akatoa kidonge kimoja cheupe kwenye pakiti, akampelekea baba yake barazani. Baba akishameza, yeye alichukua kalamu na kuweka alama ya vema kwenye kadi. Mama yake alikuwa mpishi wa shule ya bweni na aliondoka nyumbani alfajiri, ndiyo maana kazi hiyo ilimwangukia mtoto.

Kadi ilitoka kwa mfamasia wa duka la dawa la njia panda, mama mmoja mfupi mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Baba alikuwa amekwenda kwake kununua dawa ya kichwa tu. Mfamasia akamwambia akae kitini, akamfunga mkono kwa kipimo cha presha, akampima mara tatu. Kisha akamwandikia barua ya kwenda hospitali siku ileile. Baba alirudi kutoka hospitali na vidonge na masharti: chumvi apunguze, sigara aache, na dawa ameze kila siku hata akijisikia mzima.

"Presha haibishi hodi," mfamasia alimwambia baba alipopita dukani na bintiye kuchukua kadi. "Inaweza kuingia na kukaa miaka bila kukuuma popote. Siku ikikugonga, imekugonga."

Halafu akamgeukia msichana. "Wewe ndiye katibu wangu. Akimeza, weka vema. Asipomeza, acha wazi. Sawa?"

"Sawa, mama."

Tangu siku hiyo mfamasia alimwita Katibu, naye alilipenda jina hilo.

Baba alikuwa fundi wa kuezeka paa. Vidonge vile vilimpeleka haja ndogo mara kwa mara, na kila akitaka kwenda ilimlazimu ashuke ngazi ndefu, avuke kiwanja, kisha apande tena. Vijana aliofanya nao kazi walimtania. "Mzee, leo umemeza kisima?" walimwuliza, wakacheka hadi nyundo zikasimama. Baba alicheka nao, lakini nyumbani alirudi amenuna.

Asubuhi moja alikisukuma kikombe pembeni.

"Baba, hujameza."

"Leo acha. Tunapiga mabati ghorofa ya pili. Siwezi kushinda ngazini kama nyani, vijana wananicheka."

"Basi niache wazi?"

Baba alitazama kadi, akapunguza sauti. "Weka vema tu, mwanangu. Mama yako akiona pengo hapo, nyumba hii haitakalika. Kwani mimi naumwa? Si unaniona mzima?"

Msichana alisita. Kisha akaweka vema, akaondoka haraka kwenda shule. Kesho yake ikawa vilevile, na keshokutwa. Baada ya wiki hakuleta tena maji. Alichukua kalamu tu.

Mwisho wa mwezi walikwenda pamoja kupima. Mfamasia alisoma namba, akapima upya. Akaivaa miwani na kuipitia kadi mstari kwa mstari.

"Kadi safi kama hii sijapata kuiona, Katibu," alisema taratibu. "Lakini ajabu. Dawa inamezwa na presha inapanda. Mzee, kuna kitu kinakusumbua kwenye dawa hii? Niambie, usione haya."

"Hakuna kabisa," baba alijibu. "Dawa ni nzuri."

Msichana aliyakazia macho makopo ya maziwa ya watoto rafuni. Mfamasia aliandika barua nyingine kwa daktari, baba akaikunja na kuitia mfukoni. "Tukimaliza lile paa nitakwenda," alimwambia bintiye njiani.

Hakwenda.

Siku ya tisa, wakinywa chai, kikombe kilimponyoka baba na kuvunjika. Msichana alidhani kimeteleza. Alipoinua macho aliona mdomo wa baba umevutwa upande mmoja. Baba alijaribu kusema kitu, lakini sauti iliyotoka ilikuwa kama ya mtu mwenye pamba kinywani. Mkono wake wa kulia ulianguka mezani, ukabaki hapo.

Alikimbia bila viatu hadi njia panda. Mfamasia ndiyo kwanza alikuwa anafungua duka.

"Mama, mdomo wa baba umepinda! Hawezi kusema!"

Mfamasia hakuuliza zaidi. Alisimamisha gari la jirani, wakambeba baba hadi hospitali. Mama alifika baadaye, bado amevaa aproni ya jikoni.

"Ni kiharusi," daktari aliwaambia. "Mmefanya vizuri kumleta upesi. Alikuwa anatumia dawa ya presha?"

Mama akaichukua kadi, ambayo mfamasia alikuwa ameibeba kutoka nyumbani. "Kila siku, daktari. Hakuna siku iliyoruka. Tazama."

Daktari aliitazama, akatikisa kichwa. "Basi dawa hii haikumsaidia kitu. Itabidi tutafute ugonjwa mwingine, na tumpe dawa kali zaidi." Akaanza kuandika.

Msichana alisogea mbele. "Si kweli," alisema.

Kila mtu alimgeukia.

"Hakuwa anameza. Vema zote hizo za karibu wiki tano, mimi niliziweka tu. Alisema vijana wanamcheka akishuka kwenda chooni."

Daktari alikata alichoandika. Mama aliketi kwenye benchi, akajifunika uso kwa aproni. Msichana angependa apigwe kuliko kumwona hivyo.

Baba alirudi nyumbani baada ya majuma matatu. Maneno yake yalikuwa yakirudi polepole, lakini mkono wa kulia haukuweza kushika hata kijiko. Vijana walilimalizia lile paa bila yeye. Walikuja kumwona, wakakaa wamejiinamia, na hakuna aliyetania. Dawa yake sasa ilikuwa nyingine, isiyomsumbua kwa haja ndogo.

Mfamasia alikuja kumpima palepale nyumbani. Namba zilikuwa zimeshuka. Msichana alimsindikiza hadi nje, akalia.

"Mama, ni mimi niliyemwumiza baba."

"Hapana," mfamasia alisema. "Mzigo huo ni wa baba yako kwanza, kwa sababu alikuwa mtu mzima na alikutuma uandike uongo. Na mimi nilipaswa kukuuliza wewe peke yako, sikukuuliza. Lakini sehemu yako ipo, nami sitakuficha. Ile dawa nyingine ilikuwepo siku zote. Ungeacha nafasi moja wazi, ningeuliza kwa nini, na daktari angembadilishia wiki ileile. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humwumbua. Safari hii kifo kimepita karibu, kimechukua mkono. Mkubwa yeyote akikuambia uandike ambacho hakikutokea, hata awe baba yako, kataa kwa adabu, kisha mwambie mtu mzima mwingine. Siku ile hospitali uliogopa na bado ukasema. Shika hapo."

Msichana aliitikia kwa kichwa. Ndani, baba alikuwa akimwita kwa sauti nzito ambayo bado hawakuizoea, akiomba maji ya kumezea dawa.