Sisimizi wa Nyuma ya Jiko

Kila asubuhi Ildefonsa alichota maji, akafagia uwanja, kisha akaenda nyuma ya jiko kupigana na sisimizi. Wengi ajabu! Walijazana pale pale ambapo baba yake, Philbert, alizoea kwenda haja ndogo. Ildefonsa alimwaga majivu, wakarudi. Alimwaga maji ya moto, wakarudi na ukoo mzima.

"Ni Mama Leonsia tu," alisema kwa hasira. "Anatumwagia machicha ya pombe makusudi!"

Leonsia, mpika pombe ya ndizi, alikuwa jirani yao tangu watu walipohamishiwa kijijini. Mdomo wake, we acha! Tena ndiye aliyesimamia kundi lao kwenye shamba la ujamaa. Novemba ile ya vita vya Kagera, vijana wa kijiji chao, Kirushya, walikuwa wamekwenda vitani, kwa hiyo kazi ilibaki kwa wazee na akina mama. Siku moja, mvua ikinyesha, Leonsia alisimama mlangoni.

"Shemeji Philbert! Maharage yanaoza! Au leo umekuwa bibi harusi?"

Philbert akacheka, akachukua jembe. Alirudi ameloa chapachapa. Siku ya tatu homa ikampanda, akawa anakohoa huku ameshika ubavu.

Ildefonsa hakulia. Alipanga kisasi. Leonsia alipokuwa shambani, msichana alilifukua shimo la jirani la kuivishia ndizi za pombe, akamimina ndoo mbili za maji, akalifukia tena vizuri kabisa. "Pika sasa hayo matope," alinong'ona. Jioni walipokutana njiani alimwamkia, "Shikamoo, mama," na moyoni akacheka.

Kesho yake kicheko kiliisha. Baba alihema mbiombio, akawa anaongea maneno yasiyoeleweka. Mama, Clotilda, akapiga yowe. Wa kwanza kufika alikuwa nani? Leonsia! Alikuja na wanawake wawili, begani amebeba ngobyi, kile kitanda cha kusuka cha kubebea wagonjwa.

"Wabebaji wako vitani," Clotilda alilia.

"Kwani sisi hatuna mabega? Shika huku! Na wewe Fonsa, usinikodolee macho, lete blanketi!"

Wakambeba. Kwenye mlima Ildefonsa alimpokea mama yake mti wa ngobyi. Mbele yake Leonsia alitokwa jasho, lakini hakunyamaza: "Shemeji, ukifa leo nitakugombeza mpaka kaburini! Unasikia?"

Kwenye zahanati, mganga Protasi alimsikiliza mgonjwa kifuani. "Kichomi, na kimeingia vibaya." Akamdunga sindano, kisha akauliza, "Anakunywa maji sana?"

"Mtungi haumalizi siku," alijibu Clotilda.

"Na pale anapokwenda haja ndogo, sisimizi huwa wanajaa?"

"Wanajaa," alisema Ildefonsa, "kila asubuhi."

Mganga alichemsha mkojo wa baba pamoja na dawa ya rangi ya bluu. Ukabadilika, ukawa mwekundu kama tofali.

"Ana kisukari, na si cha jana," alisema. "Sukari ya kwenye mkojo ndiyo inayowaita sisimizi. Kichomi kinaletwa na vijidudu, na mwili wenye kisukari unashindwa kuvifukuza. Mtu mzima mwenye pumu, ugonjwa wa moyo au mapafu yaliyochakaa kwa sigara, naye yuko hatarini hivyo hivyo. Mngemleta mapema, tungemkinga kwa kuituliza sukari."

Ildefonsa akapiga magoti mbele ya Leonsia, akasema yote.

"Ndizi zangu? Zote?"

"Zote, mama."

Leonsia alimshika mkono, akamwinua. "Mimi nami nilimtania mgonjwa mpaka akaenda kwenye mvua," alisema. "Lakini wewe nitakulipiza, usifikiri umepona! Utanichimbia shimo jipya, ndizi utanibebea wewe. Baba yako utampeleka kuchukua dawa bila kukosa. Na kila asubuhi utaniambia sisimizi wamefikia wapi."

Philbert alilala zahanati wiki mbili, akarudi amekonda, akiwa na dawa zake. Kila kulipokucha sauti ilivuka ua: "Fonsa! Jeshi lako leo?"

"Wamepungua, mama."

Asubuhi moja Ildefonsa aliinama, akatafuta, akatafuta tena. Akakimbia kwa jirani. "Shikamoo, mama! Hakuna hata mmoja!"

"Marahaba." Leonsia alifuta macho kwa ncha ya kanga. "Ungeuliza mapema kwa nini wanakuja, baba yako asingefika kule. Wewe ulitafuta mtu wa kumlaumu, ugonjwa ukapata nafasi. Siku nyingine uliza kwanza, mwanangu. Haya, chukua jembe. Shimo langu bado fupi."

Ildefonsa akachukua jembe, akaenda kuchimba.